Fungua Kwanza Barua ya Mwanangu

Kati ya kila watu mia waliopelekewa barua pepe na duka la viatu, sita tu ndio waliozifungua, na mmoja wa hao sita aliandika kusema kwamba alifungua kwa bahati mbaya. Maneno haya hayakutoka kwa adui. Yalitoka kwenye ripoti ya mfumo wenyewe, ile iliyomngoja binti wa fundi kila Jumatatu asubuhi, naye aliisoma huku chai ikipoa mkononi.

Binti huyo walimwita Bi Barua. Jina alipewa na shangazi yake, kwa sababu katika ukoo mzima wa watu wa ngozi, gundi na misumari, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufanya kazi ya kuandika. Kila wiki aliwaandikia wateja mia tatu na kumi na wawili. Anwani zao alizikusanya Shangazi kaunteni, kila mtu alipoleta kiatu, na Shangazi akikuuliza kitu ni afadhali umjibu tu.

Duka lilikuwa la ndugu watatu. Shangazi alikaa mbele kwenye kaunta. Nyuma, karibu na dirisha, ilikuwepo meza ya kazi ya baba yake Bi Barua, meza nzito iliyojaa makovu ya visu, na mbele yake benchi la wateja wanaosubiri. Ghorofani alikaa Baba Mdogo, kitindamimba wao, aliyeitwa Mkurugenzi tangu siku aliponunua kiti kinachozunguka. Hakuwa mtu mbaya, na ni vizuri hilo lijulikane mapema. Alikuwa tu mtu aliyehudhuria semina tatu na kurudi na mfumo wa barua pepe alioulipia mwaka mzima. Bi Barua mwenyewe alikuwa na kijichumba pembeni mwa stoo, ambako alisikia nyundo ya baba yake kutwa nzima bila kumwona.

Tarehe mbili ya mwezi ule Mkurugenzi alimwita juu.

"Mwanangu, tusidanganyane," alisema, kiti kikienda huku na huku. "Kama wateja hata barua zetu hawafungui, maana yake wametusahau. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Robo yao wafungue barua moja, watu sabini na nane. Ikishindikana, ile meza naiondoa, naweka rafu za viatu vya kiwandani, na kaka akapumzike nyumbani."

Bi Barua alishuka ngazi akiwa na neno hilo moja tu kichwani, akapumzike. Aliwahi kumwona baba yake akipumzika. Ilikuwa mwaka mama yake alipofariki, walipomshauri akae nyumbani wiki mbili. Siku ya nne alikuwa ameshabadilisha soli za ndala zote za nyumba. Siku ya sita aling'oa miguu ya viti vizima ili airudishie upya. Baada ya hapo alikaa ukingoni mwa kitanda na kuitazama mikono yake, mmoja halafu mwingine, na Bi Barua alisimama mlangoni akashindwa hata kumsalimia. Asubuhi iliyofuata alimshika mkono akamrudisha mezani mwenyewe. Hakutaka kumwona vile tena.

Basi hakumwambia kitu. Lakini Shangazi hajawahi kubeba siri kutoka ghorofani hadi chini bila kuidondosha ngazini, na kabla ya saa sita mchana alishamnong'oneza kaka yake. Tatizo ni kwamba alikuwa amesikia kupitia mlango uliofungwa, kwa hiyo siri ilifika chini ikiwa nusu.

Bi Barua alijaribu kila alichoweza. Aliweka kwenye kichwa cha barua "Ndugu Mteja Mpendwa, Usikose!" Aliweka "Punguzo Kabambe la Mwezi". Alibandika picha za maua, ingawa duka halikuuza ua hata moja. Mtaalamu mmoja wa mtandaoni alisema barua zitumwe Jumanne saa nne asubuhi, akazituma Jumanne saa nne asubuhi. Wakafungua kumi na tisa. Ilikuwa ni kutwanga maji kwenye kinu, tena maji ya kununua.

"Kizuri chajiuza," baba yake alimwambia siku moja bila kuinua macho kwenye shazia, ile sindano yake nene ya kushonea ngozi.

"Zamani, Baba. Siku hizi hata kizuri kinatembezwa."

"Sawa. Lakini usimkimbize mtu. Mtu ukimkimbiza naye anakimbia."

Halafu mambo yakabadilika. Barua ya wiki ya pili ilifunguliwa na watu arobaini na mmoja. Ya wiki ya tatu, hadi Alhamisi mchana, ilifunguliwa na sabini na wanne. Bi Barua aliizima kompyuta akaiwasha tena, asije akawa anasoma duka la mtu mwingine. Namba ilikuwa ile ile. Alipanda ngazi mbili mbili.

"Sabini na nne," Mkurugenzi alirudia, akasimamisha kiti. "Umebakiza wanne. Nilijua una kipaji, wewe. Ulifanyaje?"

"Nilibadilisha rangi ya kichwa cha barua."

Alishuka akiimba kwa sauti ya puani. Aliporudi kwenye kompyuta alikuta jibu kutoka kwa mteja, jibu la kwanza tangu lile la aliyefungua kwa bahati mbaya. Mwandishi alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mteja wa miaka mingi. Alikuwa ameandika hivi: "Nimefungua kama nilivyoamriwa. Sasa mwambie baba yako anirudishie kiatu changu cha kushoto. Nimekaa hapa tangu saa tatu na soksi yangu ina tundu."

Bi Barua alisoma mara mbili. Kisha akainuka, akachungulia.

Kwenye benchi walikuwa watu watano, kila mmoja na kiatu kimoja mguuni na simu mkononi. Mbele yao baba yake alikuwa amekaa na nyundo, na viatu vitano vilivyokwisha kutengenezwa vimepangwa chini ya meza, katikati ya miguu yake, mahali ambapo mtu mwenye adabu zake hawezi kupenyeza mkono.

"Chako kiko tayari, dada," alikuwa akimwambia nesi mmoja, kwa upole kabisa. "Fungua kwanza barua ya mwanangu. Ipo hapo hapo kwenye simu. Nangoja."

Kwa nini watu wale wote walikubali? Kwanza, hakuna aliyekuwa tayari kutembea barabarani na kiatu kimoja. Pili, walimpenda. Bi Barua alingoja mpaka wa mwisho akafunga kamba zake na kuondoka, ndipo akaja kukaa kwenye benchi.

"Baba, kwa barua ya wiki hii umewafanyia hivi watu wangapi?"

"Kidogo tu. Hamsini na kitu."

"Hamsini na ngapi?"

"Hamsini na watano." Alikuwa amewawekea alama za chaki kwenye mguu wa meza. "Lakini sijamlazimisha mtu. Nimewaomba."

"Umeshika viatu vyao."

"Mimi ni fundi viatu. Nishike nini sasa, kofia?" Akashusha sauti. "Shangazi yako anasema bado wanne. Jioni hii kuna wanaokuja kuchukua viatu. Hawa wanne nitawapata."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Wanne tu. Angeweza kurudi kwenye kijichumba chake akakaa kimya, na meza ingebaki. Mkurugenzi asingejua kamwe, maana ripoti haionyeshi nani kafungua barua akiwa na kiatu kimoja. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na mwezi ujao ungekuja, na mwingine, na baba yake angegeuka askari wa benchi mpaka wateja wamkimbie kweli. Isitoshe, yeye mwenyewe asingeweza kuiangalia ile namba.

Alipanda tena ngazi, safari hii moja moja.

"Sabini na nne toa hamsini na tano," alisema Mkurugenzi alipomaliza kusikiliza. Uso wake ulikuwa unataka kucheka na kununa kwa pamoja, mwisho ukanuna.

"Kumi na tisa, Baba Mdogo."

"Umefanya vizuri kuniambia. Lakini tarehe ni ile ile. Una siku nane."

Aliporudi chini, nyundo ilikuwa imenyamaza. Baba yake alikuwa anafuta alama za chaki kwa kitambaa.

"Nisamehe," alisema. "Nilitaka wasikutoe kazini."

"Nani anitoe mimi?"

"Shangazi yako alisikia. 'Ikishindikana naondoa.' Nikajua ni wewe. Kazi yenyewe unaipenda, unaimba."

Bi Barua alicheka. Kumbe wote wawili walikuwa wakihangaika, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake, na ukuta wa stoo katikati.

"Si mimi, Baba. Ni meza. Anataka kuondoa meza yako."

Mzee aliiangalia meza kama mtu aliyeambiwa habari za mgonjwa aliyekuwa naye chumbani. Alipitisha kiganja juu yake, akakiacha pale.

"Basi sawa," alisema. "Nilidhani ni jambo kubwa."

Lakini sauti yake ilikuwa imepungua, na binti yake aliisikia. Akaona amuulize chochote kile, ili mradi asinyamaze. "Na hao hamsini na watano, walisema nini walipofungua?"

"Hawakusema kitu. Lakini nyuso zao niliziona." Baba yake alisogeza kiti. Kumbe hapa alikuwa na mengi. "Wakifika kwenye 'ndugu mteja mpendwa', macho yanatoka nje dirishani. Kwenye maua wanashusha kidole haraka. Nesi alipiga miayo kwenye 'kabambe'. Mwalimu alicheka mara moja tu, ulipoandika kwamba kiatu kikilowa kisianikwe juani. Akasema, kweli, mke wangu ndivyo anavyoviua. Pale tu ndipo aliposoma. Kwingine kote alikuwa anafumba na kufumbua macho tu."

Bi Barua alimtazama baba yake. Mwaka mzima alikuwa amekodolea macho ripoti inayomwambia wangapi, na mtu anayejua kwa nini alikuwa ng'ambo ya ukuta.

"Wewe ungewaandikia nini, Baba?"

Mzee aliinama chini ya meza akavuta maboksi matatu yaliyofungwa kamba. Yalikuwa na kadi, kila kadi ni kipande cha kadibodi alichochorea unyayo wa mteja siku ya kwanza alipokuja kupimwa. Pembeni ya kila unyayo palikuwa na maandishi yake ya kubana. Bi Barua alikulia kati ya maboksi yale, aliyapanda, aliyakalia, na hakuwahi kuyasoma. "Anaegemea kisigino cha kushoto, tangu ajali." "Kidole gumba kinapanda juu, usimbane." "Anapenda kiatu kilie kidogo, asikike akija." "Huyu hasemi kinapombana. Mtazame usoni."

Kesho yake walianza. Alihamisha kompyuta kutoka kijichumbani akaiweka kwenye kona ya meza, karibu na kopo la gundi. Baba yake alifanya kazi na kuongea, yeye akaandika. Si barua moja kwa watu wote, bali barua moja kwa kila mtu, mistari mitatu au minne, isiyo na maua. Nesi aliandikiwa chini ya kichwa kisemacho "Bado unasimamia mguu wa kulia?" Muuza dawa aliulizwa kama ile sugu imeisha, akaelezwa namna ya kulegeza ngozi ya kiatu kwa mvuke nyumbani kwake bila kuja dukani. Mwalimu mstaafu aliandikiwa "Kuhusu tundu la soksi yako". Ndani yake aliambiwa kwamba soksi haina kosa. Kuna msumari mmoja kwenye kisigino uliokuwa umechungulia, fundi aliuona akiwa amekishika kile kiatu kwa dhuluma, akaupiga ukarudi, na kwa kazi hiyo hadaiwi kitu.

"Niandike 'kwa dhuluma'?" Bi Barua aliuliza.

"Andika. Anajua."

Kwenye boksi la pili baba yake alitoa kadi moja akaishika muda mrefu. "Huyu usimwandikie," alisema. "Tulimzika mwaka jana." Bi Barua alihesabu kimoyomoyo punguzo kabambe ngapi alizompelekea marehemu, akalifuta jina lake kwenye orodha taratibu. Wakabaki mia tatu na kumi na mmoja.

Siku ya nne, kadi zilipokwisha, mzee aliomba kompyuta. Alitaka kuandika moja mwenyewe. Aliandika kwa vidole viwili, kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi, na kila aliyesogea alifukuzwa kwa jicho. Alipomaliza alisema iende kwa mtu wa kwanza kwenye orodha. Bi Barua hakuisoma. Lakini anwani aliijua, maana ilikuwa ya Mkurugenzi. Aliiweka mwenyewe siku mfumo ulipoanza, ili ahakikishe barua zinafika. Na tangu siku hiyo, mtu anayetaka robo ya mji ifungue barua zake hakuwahi kufungua hata moja.

Barua zote ziliondoka Jumanne, bila kungoja saa nne.

Jumatano nesi alikuja amebeba jozi mbili. Muuza dawa alileta viatu vya mkewe. Mwalimu mstaafu alijibu kwa sentensi moja, "Dhuluma imesamehewa," na jioni akaja mwenyewe akakaa kwenye benchi bila kiatu kibovu, kwa mazungumzo tu. Shangazi alilalamika kwamba miguu inamuuma kwa kusimama kaunteni, na hakuna aliyemwamini kwamba analalamika.

Ijumaa ilikuwa mwisho wa mwezi. Saa sita kamili zilisikika hatua ngazini. Baba, ambaye humjua kila mtu kwa hatua zake, aliacha kupiga nyundo akasikiliza mpaka za mwisho. Mkurugenzi alijitokeza na viatu vyake vipya vya kiwandani, vyeusi, vinavyong'aa.

"Ngapi?"

Bi Barua aliigeuza kompyuta ili aone mwenyewe. "Sabini na moja. Wote kwa hiari yao."

Mkurugenzi alisoma namba, akatazama benchi lililojaa, akatazama tena namba. Ilionekana kwamba angependa iwe nyingine. "Tulisema sabini na nane," alisema. "Mmejitahidi sana. Lakini tulikubaliana, na wenye rafu wanakuja Jumatatu."

Bi Barua alihisi machozi yanakuja, akayashikilia, kwa sababu baba yake alikuwa anamtazama.

"Na wewe yako umeifungua?" Shangazi aliuliza kutoka kaunteni.

"Mimi si mteja, dada. Mimi ni mwenye duka."

"Una miguu, huna?"

Alitoa simu ili tu yaishe. Alitafuta, akashusha kidole mbali sana, kupita barua za mwaka mzima ambazo hakuzigusa, kisha akapandisha hadi ya juu kabisa. Akafungua. Alisoma amesimama, na Shangazi, ambaye hajawahi kuona maandishi akayaacha yakae kimya, alizunguka kaunta akasoma kwa sauti juu ya bega lake.

"Mdogo wangu. Kadi yako ndiyo ya kwanza kwenye boksi la kwanza. Nilikuchora unyayo kwa mkaa ulipokuwa unaanza shule, na hivyo ndivyo viatu vya kwanza nilivyoshona maishani. Cha kulia kilikubana. Hukusema, kwa sababu uliona nimejikata kidole nikivishona. Ulivivaa mwaka mzima. Nilijua baadaye nilipoona ukucha wako umekufa. Tangu hapo kila ninayemshonea namuuliza mara mbili kama kinambana, kwa sababu mara ya kwanza watu husema hapana. Sasa umevaa vya kiwandani, na kila ukishuka ngazi nasikia mguu wa kulia unachelewa. Kinakubana? Hii ni mara ya kwanza. Kaka yako."

Mkurugenzi aliirudisha simu mfukoni, akaukosa mfuko, akajaribu tena.

"Hakinibani," alisema.

Kaka yake aliweka nyundo chini. Alimtazama usoni, kama kadi ilivyosema watazamwe wasiosema.

"Kinakubana?"

Mwalimu mstaafu alijisogeza, na nesi akajisogeza, pakapatikana nafasi, Mkurugenzi akakaa kwenye benchi kati yao, akainama na kuanza kufungua kamba za kiatu cha kulia.

"Kinanibana, kaka," alisema. "Kinanibana sana."

Baba alikipokea kwa mikono miwili. Alikigeuza, akaingiza vidole ndani, akatikisa kichwa juu ya kazi ya watu wengine, kisha akakipeleka chini ya meza, katikati ya miguu yake, pamoja na vingine.

"Kitakuwa tayari lini?" Mkurugenzi aliuliza.

"Jumatatu. Lakini naona Jumatatu kuna watu wanakuja na rafu, sijui nitakuwa nimekaa wapi."

Mkurugenzi alijifuta uso kwa kiganja. "Nitawaambia waziweke mbele, ukutani," alisema. "Meza ikae."

Halafu akapanda ngazi kwenda kuwapigia simu, akiwa na kiatu kimoja mguuni, na chini walisikiliza hatua zake mpaka juu.